Max Perutz na Hesabu ya Nani Anamgusa Nani

Sisi tunaosoma baiolojia na kemia tulishakariri tangu sekondari kwamba himoglobini ni protini yenye chuma, inakaa ndani ya seli nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, maksi zako unapata. Ila nyuma ya sentensi hiyo kuna maisha mazima ya mtu mmoja, Max Perutz. Aliianza kazi ya himoglobini akiwa kijana wa miaka 23. Ilimchukua miaka 22 kuiona sura yake, tena kwa ukungu. Akapewa Tuzo ya Nobel, na siku anaipokea, swali lililomsumbua tangu ujana lilikuwa bado halijapata jibu.

Nina sababu mbili za kumleta kwenye jarida letu. Kwanza, nasomea ualimu, na maisha ya Perutz yana mwalimu ndani yake, yana mwanafunzi mtundu, na yana funzo kuhusu kuuliza swali lililo sahihi. Pili, ugonjwa wa selimundu, ule ambao mtaani tunauita sikoseli. Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa nao. Darasani kwako utakapopangiwa, atakuwepo mmoja. Kumwelewa kunahitaji hesabu aliyoifanya Perutz.

Kijana wa Vienna

Perutz alizaliwa tarehe 19 Mei 1914 mjini Vienna, Austria, kwenye familia yenye viwanda vya nguo. Wazazi walitaka asome sheria ili baadaye ashike biashara ya ukoo. Hadithi hiyo wengi humu chuoni tunaijua: mzazi ana kozi yake kichwani, na mtoto ana yake. Kilichomwokoa ni mwalimu mmoja wa shule aliyemfanya aipende kemia. Mwalimu huyo anapita kwenye maisha ya Perutz kwa mstari mmoja tu, halafu basi. Nadhani ndivyo kazi yetu ilivyo.

Mwaka 1932 akaingia Chuo Kikuu cha Vienna. Alijikuta anapoteza semista nyingi kwenye uchambuzi wa kemikali uliomchosha, hadi siku aliposikia kwenye mihadhara ya kemia habari za utafiti wa viumbe hai uliokuwa unafanyika Cambridge, Uingereza. Mwaka 1936 akafunga safari, baba yake akimlipia, akaingia maabara ya Cavendish chini ya J. D. Bernal.

Bernal alikuwa na jambo jipya mkononi. Mwaka 1934 yeye na Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alijulikana kama Dorothy Hodgkin, walionyesha kwamba fuwele za protini zikitunzwa kwenye majimaji yake bila kukauka, ukizipiga mionzi ya eksirei zinatoa picha yenye madoa mengi yaliyopangika. Madoa hayo ni taarifa kuhusu mahali atomu zilipokaa. Kuisoma taarifa hiyo ndiyo ilikuwa kazi, maana hakuna aliyejua namna ya kuisoma kwa kitu kikubwa kama protini.

Mwaka 1937 Perutz alimtembelea mwanakemia Felix Haurowitz mjini Prague, ambaye alimshauri achukue himoglobini. Muda si mrefu baadaye Haurowitz mwenyewe aliona kitu cha ajabu kwenye hadubini. Fuwele za himoglobini isiyo na oksijeni, hewa ikiingia, zinavunjika na zinatokea fuwele za umbo jingine. Maana yake ni kwamba molekuli hii inabadilika umbo inapobeba oksijeni, kama mtu anavyovuta pumzi. Inabadilikaje? Swali hilo ndilo lililomkamata Perutz.

Vita, kambi na barafu

Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ikaichukua Austria. Familia ya Perutz ilikuwa ya asili ya Kiyahudi, hivyo mali ikaporwa na wazazi wakawa wakimbizi. Fedha za baba zikaisha. W. L. Bragg, aliyekuwa ameingia kuongoza Cavendish, alizitazama picha za himoglobini, akavutiwa, akamtafutia ufadhili wa Rockefeller Foundation ulioanza mwaka 1939. Bila Bragg, hadithi ingeishia hapo.

Mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu. Mwaka huohuo, 1940, Waingereza wakamkamata kama raia wa nchi adui, yeye ambaye amekimbiwa na nchi yake mwenyewe. Akapelekwa Isle of Man, kisha akavushwa bahari hadi kambi ya Kanada. Wafungwa wenzake wengi walikuwa wasomi, wakaanzisha chuo chao humohumo kambini, kila mmoja akifundisha anachokijua. Perutz akafundisha jinsi ya kuchunguza fuwele kwa eksirei. Januari 1941 akarudi Uingereza.

Halafu vita ikamkumbuka kwa njia nyingine. Kwa kuwa aliwahi kuchunguza mito ya barafu ya milima ya Uswisi, aliitwa kwenye mradi wa siri ulioitwa Habakkuk. Wakubwa walitaka kujenga kiwanja cha ndege kinachoelea baharini, na kijengwe kwa barafu! Perutz alikuwa anajaribu barafu iliyochanganywa na massa ya mbao ndani ya ghala la ubaridi chini ya soko la nyama la Smithfield, London. Mchanganyiko ulikuwa imara kweli, lakini mradi wenyewe ukafa. Alipomaliza hayo, himoglobini ilikuwa bado inamsubiri.

Mwanafunzi anamsahihisha msimamizi

Mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifungua kitengo kidogo Cambridge, cha Perutz na mwenzake John Kendrew. Miaka miwili baadaye akaja mwanafunzi mmoja mwenye sauti kubwa, Francis Crick, na Perutz akawa msimamizi wake.

Wakati huo Perutz alikuwa na wazo lake, kwamba himoglobini imejaa fimbo zilizolala sambamba ndani ya umbo kama la boksi la kofia. Crick akapiga hesabu, akasimama mbele ya watu, akaonyesha kwamba wazo hilo haliwezi kuwa kweli. Hebu jiulize, ungefanya hivyo kwa msimamizi wa tasnifu yako ungebaki salama? Perutz aliumia, lakini Crick hakufukuzwa. Alibaki palepale, na mwaka 1953 yeye na James Watson wakatoa muundo wa DNA kutoka kitengo hichohicho.

Pigo jingine lilitoka Marekani mwaka 1951. Linus Pauling alichapisha jinsi mnyororo wa protini unavyojisokota kwa mpangilio alioupa jina la heliksi alfa. Bragg, Kendrew na Perutz walikuwa wamelitafuta jibu hilo mwaka mmoja kabla na hawakulipata. Perutz alipoisoma makala ile aliona kwamba kama Pauling yuko sahihi, lazima kuwe na doa fulani kwenye picha ya eksirei ambalo hakuna aliyeliripoti. Akaenda moja kwa moja maabara, akaupiga picha unywele wa farasi kwa pembe inayotakiwa. Doa lilikuwepo. Akatangaza ushahidi unaompa ushindi mshindani wake.

Njia ilifunguka mwaka 1953. Perutz alifunga atomu za zebaki kwenye molekuli za himoglobini bila kuharibu umbo lake, akapiga picha, na akakuta madoa yako palepale ila ukali wake umebadilika kidogo. Zebaki ikawa kama mtu aliyevaa shati jekundu katikati ya umati. Ukishajua yeye yuko wapi, unaweza kuanza kuwapanga na wengine. Miaka 16 ya kutojua kama kazi hii inawezekana iliishia kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha.

Mwaka 1959 umbo likaonekana: minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, kila mmoja umejikunja na kushika kipande chenye chuma kwenye kishimo chake. Kendrew naye alikuwa amefumbua mayoglobini, protini ndogo zaidi kutoka kwenye misuli ya nyangumi. Mwaka 1962 wawili hao wakagawana Nobel ya kemia.

Kimbweta na orodha ya majina

Hapa ndipo penye uhondo wenyewe. Picha ya mwaka 1959 ilikuwa na ukungu. Ilionyesha minyororo inapita wapi, haikuonyesha asidi amino mojamoja. Mbaya zaidi, vile vipande vinne vya chuma vilionekana viko mbalimbali, wakati ilijulikana kwamba oksijeni ya kwanza ikishashika, zinazofuata zinashika kwa urahisi zaidi. Kipande kimoja kinapataje habari za mwenzake ambaye hata hawagusani?

Ili kuelewa alichofanya baadaye, chukua mfano wa hapa chuoni. Asidi amino zikiungana kwenye mnyororo, kila moja inapoteza kidogo, na kinachobaki ndani ya mnyororo kinaitwa baki. Mnyororo wa alfa una mabaki 141, wa beta una 146, na kila baki lina namba yake. Hiyo ni kama orodha ya majina ya darasa letu. Ukiisoma utajua nani anamfuata nani kwa namba ya usajili. Lakini ukitaka kulijua darasa, nenda kwenye vimbweta jioni uangalie nani anakaa na nani. Namba 5 na namba 120 kwenye orodha wako mbali, kumbe wanasoma meza moja kila siku na ndio wanaobadilishana madesa. Protini nayo iko hivyohivyo. Mnyororo ukijikunja, mabaki yaliyo mbali kwenye orodha yanakuja kukaa pua kwa pua.

Kuichambua migusano hiyo hakuna uchawi. Unapima umbali kati ya atomu za baki moja na za jingine. Ukiwa chini ya kiwango fulani, kwa mfano nanomita 0.4, unahesabu kwamba wanagusana. Halafu unaangalia ni mgusano wa aina gani. Kuna mabaki yanayokwepa maji na kubanana ndani, kuna vifungo vya hidrojeni, na kuna madaraja ya chumvi, pale ambapo baki lenye chaji chanya linashikana na lenye chaji hasi. Ukiweka namba za mabaki juu na pembeni ya jedwali, ukatia alama kila wanapogusana, unapata ramani ya migusano.

Mwaka 1968 Perutz na wenzake walipata picha ya himoglobini ya farasi yenye oksijeni ambayo mabaki yanaonekana. Mwaka 1970 wakapata ile isiyo na oksijeni. Sasa akawa na ramani mbili za molekuli moja, akauliza swali rahisi: ni migusano gani iko hapa na haipo pale?

Jibu lilikuwa kwenye viungio. Bila oksijeni, ncha za minyororo zimefungwa kwa madaraja ya chumvi na molekuli iko kwenye umbo la kukaza. Oksijeni ikishika chuma, chuma kinasogea kwa kiasi kidogo mno, kinaivuta histidini iliyokishika, histidini inavuta sehemu ya mnyororo, na madaraja yanakatika. Nusu moja ya molekuli inazunguka kwa takriban nyuzi 15 kwa nyingine, umbo linalegea, na vishimo vilivyobaki vinapokea oksijeni kirahisi. Habari inasafiri kwa kugusana, jirani kwa jirani.

Mfano mmoja unatosha. Kwenye umbo la kukaza, tairosini namba 42 ya alfa inashikana na asidi aspartiki namba 99 ya beta. Kwenye umbo la kulegea zinaachana, na mahali pao wanashikana wengine, asidi aspartiki namba 94 ya alfa na asparajini namba 102 ya beta. Kuna watu wanaozaliwa na badiliko kwenye namba 99 ya beta. Himoglobini yao haiwezi kujifunga vizuri kwenye umbo la kukaza, basi inang'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia kwenye misuli. Wengine wana badiliko kwenye namba 102, na himoglobini yao inaiachia oksijeni mapema mno. Mgusano mmoja ukipotea, mwili mzima unajua.

Namba sita

Mwaka 1968 Perutz aliandika pamoja na daktari Hermann Lehmann kuhusu himoglobini zenye kasoro. Lehmann alikuwa na historia na Afrika Mashariki. Miaka ya arobaini alifanya utafiti Uganda, na mwaka 1949 yeye na mwenzake walichapisha habari za jinsi chembe za sikoseli zilivyosambaa kati ya watu wa huko. Perutz na Lehmann walichukua orodha ya mabadiliko yaliyojulikana wakayaweka moja moja kwenye umbo. Wakaona mtindo: baki likibadilika juu ya uso wa molekuli, ambako halibanani na mtu, mara nyingi hakuna shida. Likibadilika ndani, au kwenye viungio vya minyororo, mtu anaugua.

Sikoseli inaonekana kuvunja kanuni hiyo. Vernon Ingram, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kitengo cha Perutz, alionyesha mwaka 1956 na 1957 kwamba himoglobini ya sikoseli inatofautiana na ya kawaida kwa baki moja tu kwenye beta. Namba 6 inatakiwa kuwa asidi glutamiki, badala yake kuna valini. Na namba 6 iko juu ya uso, nje kabisa. Kwa nini basi iue?

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa kidato cha nne mwenye ugonjwa huu aliuliza swali ambalo madesa yangu hayakuwa nalo. Damu yake ni ileile siku zote, sasa kwa nini kuna wiki anacheza netiboli na kuna wiki analala kwa maumivu? Nyuma ya darasa kuna waliokuwa na jibu lao tayari, kwamba amerogwa. Kitabu kinasema seli zinakuwa na umbo la mundu, basi. Hakisemi kwa nini leo na si jana.

Jibu liko kwenye hesabu ya migusano. Asidi glutamiki ina chaji na inapenda maji, haina haja ya kumshika jirani. Valini inakwepa maji, inatafuta pa kujificha. Kwenye himoglobini ya jirani kuna kishimo kilichozungukwa na fenilalanini namba 85 na leusini namba 88 za beta, na valini inaingia humo sawasawa. Badiliko hili halikuvunja mgusano wa ndani, limezaa mgusano mpya kati ya molekuli na molekuli. Moja inashika ya pili, ya pili inashika ya tatu, inakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta seli nzima ikapinda. Lakini kishimo hicho kinapokea valini kwenye umbo la kukaza, yaani himoglobini ikiwa imeachia oksijeni. Damu yenye oksijeni ya kutosha haifanyi nyuzi. Ndiyo maana homa, ubaridi, kuishiwa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuamsha maumivu kwa mtu ambaye jana alikuwa mzima.

Nilimchorea binti yule ubaoni molekuli mbili, moja ina kidole na nyingine ina tundu. Darasa zima likaelewa, hata wale wa nyuma. Mwalimu anayejua hilo hatamwita mvivu mwanafunzi anayeomba asikimbie mchakamchaka wa asubuhi, na atamruhusu atembee na chupa yake ya maji. Kwangu mimi, hayo ni matumizi ya kemia kuliko maswali yote niliyowahi kukokotoa.

Alichoacha

Perutz aliongoza maabara mpya ya baiolojia ya molekuli iliyofunguliwa Cambridge mwaka 1962, hadi alipostaafu uongozi mwaka 1979. Alihakikisha ina kantini nzuri, na mkewe Gisela akaisimamia kwa miaka mingi, ili watafiti wa vyumba tofauti wakutane kwenye chai na waongee. Mtu wa migusano, hata kwenye jengo. Mgongo ulimsumbua sana, akawa anafanya kazi amesimama. Wapo waliobishia maelezo yake ya mwaka 1970, naye akarudi kwenye fuwele mara kwa mara kuwajibu. Alifariki tarehe 6 Februari 2002, akiwa na miaka 87, na karibu na mwisho bado alikuwa anaandika kuhusu protini zinazogandana kwenye ugonjwa wa Huntington.

Najua kuna atakayesema Perutz alikuwa na Bragg na wafadhili, sisi tuna bumu linalochelewa na maabara moja kwa watu mia. Ni kweli, wala sitaki kuipamba shida. Lakini kuna kitu kimoja alichokosa yeye na sisi tunacho. Tangu mwaka 1971 kuna hazina ya wazi ya maumbo ya protini, Protein Data Bank, na kuingia ni bure. Himoglobini ya binadamu isiyo na oksijeni, kazi ya Perutz na wenzake, iko humo kwa jina la 2HHB. Ile ya sikoseli iko kwa jina la 2HBS. Programu za kuzifungua ni bure pia, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha.

Wenzangu wa ualimu wanaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, hiyo hapo. Fungua mafaili mawili, tafuta valini namba 6, pima ni nani aliye chini ya nanomita 0.4 kutoka kwake, andika orodha. Ni kazi ya jioni moja, na Perutz aliitafuta njia ya kufika hapo tangu mwaka 1937.